Kukosea Kuliko Mtu Anayebahatisha

Kijana mmoja wa chuo alinijia nyumbani hapa Musoma, akanywa uji wangu, kisha akanieleza kwamba anaandika kazi juu ya saikolojia ya michezo. Alisema amesikia kuwa zamani mkoa wetu ulithibitisha jambo kubwa: golikipa mzoefu huuona upande wa mpira kabla haujapigwa, na mwanagenzi haoni kitu.

"Umesikia kwa nani?" nikamwuliza.

"Watu wanasema, mzee."

"Watu gani?"

Akamtaja mwalimu wake. Mwalimu wake alimsikia mtu wa Bunda. Mtu wa Bunda, nilipomtafuta, alisema jambo hilo linajulikana kijiweni tangu alipokuwa mdogo, na akaniuliza kwa mshangao kama mimi silijui. Ninalijua. Nilikuwepo, na kamba ya turubai niliishika kwa mikono yangu. Hatukuthibitisha hivyo. Ninyi mnaoingia katika kazi ya kuwapima watu, na hasa katika kazi ya kuwalinganisha mabingwa na wanaoanza, nawaomba msome haya bila haraka, kwa sababu kosa lililotupata sisi litawapata na ninyi likiwa limevaa nguo nyingine.

Nilikuwa afisa michezo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na kabla ya hapo mwalimu wa mazoezi ya viungo. Katika miaka ya dhiki kazi hiyo ilikuwa ya kutafuta vitu visivyokuwepo. Sabuni ilikuwa ya kuulizia kwa kunong'ona, dizeli ya kuombea kibali, na mpira wa ngozi ukipasuka hakukuwa na duka la kuupatia mwingine. Tuliupeleka Bunda kwa fundi viatu mmoja, mzee mtaratibu aliyefunga kazi kila adhana ikisikika, naye akaushona kwa uzi wa nyavu. Uliporudi ulikuwa na nundu kubwa kama yai, na nundu hiyo iliupeleka mpira ilikotaka yenyewe. Hilo silitaji ili mcheke. Nilimwona mwalimu mwenzangu akichagua wachezaji wa timu ya wilaya kwa kuwapigisha mpira ule golini, akawasifu hawa na kuwakataa wale. Alichokuwa anapima ni nundu. Kabla hamjaandika kwamba mtu ni hodari au dhaifu, ukagueni kwanza mpira.

Aliyenifundisha kuutazama mpira namna hiyo ni Dokta Rehema. Alikuwa binti wa wauza vitambaa wa Bunda, amekulia nyuma ya duka la baba yake, akasoma hapa na ng'ambo hadi akawa mhadhiri wa mambo ya saikolojia ya wanamichezo. Nilimzidi umri, lakini katika kazi alikuwa mkubwa wangu, na sikuona aibu. Alikuja nyumbani likizo ile miaka ya mwanzo ya ruhusa, maduka yalipoanza kujaa tena na mitumba kumwagwa sokoni, akaingia ofisini kwangu na swali moja: mzoefu anaona nini ambacho mwanagenzi hakioni?

Nikamjibu kwa kujiamini, "Dokta, golikipa mzoefu humtazama mpigaji macho. Wanasema macho ndiyo yanayotoa siri."

"Afisa," akasema, "usiniambie wanasema. Niambie umeona."

Tangu siku hiyo neno *wanasema* limekuwa likinikwaruza sikio, na wanangu wanaweza kuwathibitishia.

Golikipa niliyekuwa nikimfikiria alikuwa Magesa, mtu wa Butiama aliyelinda lango la timu ya shirika moja la umma hapa mjini. Kwenye karatasi za shirika aliitwa mtunza stoo, na kweli funguo za stoo alikuwa nazo, ila kazi yake ilijulikana. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye vidole vilivyopinda kwa kuvunjika na kuunga vyenyewe. Dokta Rehema alimwuliza swali lilelile, naye akajibu kama mimi.

"Macho, Dokta. Macho hayadanganyagi."

Jioni, uwanjani, Dokta akamvalisha mpigaji mmoja kofia pana ya ukindu, akaishusha hadi puani, mtu akawa anauona mpira tu pale chini miguuni. Mpigaji akapiga, Magesa akadaka. Akapiga tena, Magesa akadaka tena.

"Sasa macho uliyaonea wapi, ndugu Magesa?"

Magesa akautazama mpira mikononi mwake kama aliyepewa mtoto wa mtu. "Basi ni bega."

"Asubuhi ulisema macho."

"Dokta, mimi nadakaga tu. Maneno mnanitafutia ninyi."

Uwanja mzima ulicheka, na Dokta alicheka kuliko wote, lakini njiani aliniambia kwamba hilo lilikuwa somo la kwanza. Bingwa ukimwuliza anafanyaje, atakupa maelezo mazuri, na atakupa kwa moyo safi, na huenda maelezo hayo hayana uhusiano na anachokifanya. Usiandike anachosema kana kwamba ndicho anachokiona. Mfunikie kitu kimoja kimoja, uone ni kipi kikifunikwa anashindwa.

Tukaamua kufunika. Wenzetu wa ng'ambo walikuwa wakitumia filamu: wanaikata mguu unapoukaribia mpira, kisha wanamwuliza mtazamaji mpira unakwenda wapi. Sisi filamu hatukuwa nayo, na umeme ulikuja ulipotaka. Nikaenda Mwigobero, mwaloni kwetu wanakoshushia samaki, nikaazima turubai kwa mwenye mitumbwi. Lilikuwa limefunikia dagaa msimu mzima, na tulipolitundika uwanjani nzi wa mwalo wote walihamia kwetu. Tulilifunga kwenye nguzo mbili nyuma ya goli. Watazamaji walisimama nyuma yake wakimwona mpigaji kwa chini ya turubai lililokunjwa juu. Mguu ulipougusa mpira, mimi na msaidizi tuliziachia kamba, turubai likaanguka kama pazia, na kila mtazamaji akainua mkono kuonyesha upande.

Siku ya kwanza kila mtu alipata. Wazoefu walipata, wanagenzi walipata, hata mpishi wa shirika aliyekuja kutazama alipata. Dokta alikuwa ameanza kukunja uso ndipo nilipoona sababu. Mpira ulikuwa unapita golini na kulipiga turubai, nalo linatuna upande uleule, watu wote wakinyanyua mkono baada ya kuona uvimbe. Tukarudi Mwigobero kuazima nyavu ya sangara, tukalivisha goli, mpira ukawa unanasa huko kabla haujafika. Tukagundua pia kwamba nusu ya watazamaji walisema kulia wakimaanisha kulia kwao, nusu wakimaanisha kulia kwa mpigaji. Hilo tulilimaliza kwa kuyafuta maneno hayo kabisa. Tukasema *ziwani* na *barabarani*, kwa kuwa uwanja ulikuwa katikati ya hivyo viwili, na hakuna mtu wa Musoma asiyejua ziwa liko wapi.

Hadi hapo kazi ilikuwa safi. Kisha meneja wa shirika akatuita.

Huo ulikuwa wakati ambao mashirika yalianza kupunguza watu, na neno *redandanzi* lilikuwa midomoni mwa wake na watoto. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameambiwa apunguze, naye akapunguza, na sasa alikuwa amefika kwa wachezaji.

"Nimeruhusiwa kubaki na golikipa mmoja kwenye mishahara," alisema. "Nasikia mnapima magolikipa. Kama Magesa bado anaona kuliko vijana, abaki na kazi yake na nyumba yake. Kama kuna kijana anayeona sawasawa naye, nitamchukua kijana. Ana miaka mingi mbele."

"Mimi sipimi waajiriwa," Dokta Rehema akasema. "Napima tofauti ya makundi mawili."

"Unaipimia kwenye uwanja wangu, Dokta, na wachezaji wangu."

Tulitoka pale bila kukubali na bila kukataa, jambo ambalo kwa meneja lilikuwa kukubali. Magesa alikuwa na mke na watoto katika nyumba ya shirika. Kuanzia siku ile, turubai letu la dagaa lilikuwa linaning'inia juu ya paa la nyumba hiyo.

Wazoefu wetu walikuwa Magesa na wachezaji wenzake wa shirika. Wanagenzi tuliwatoa Butiama, timu ya vijana, na golikipa wao aliitwa Wambura, kijana mpole wa kule Mwitongo mwenye mikono mikubwa kuliko umri wake. Walifika na gari la pamba, wakawasalimu wazoefu mmoja mmoja kwa kuinama. Magesa alikuwa rika la baba yake Wambura; walitiwa jandoni msimu mmoja. Kwa hiyo Wambura alimwita baba, naye hakumwita hivyo kwa adabu ya mdomoni. Kwetu mtu wa rika la baba yako ni baba yako katika chakula, katika maneno na katika fimbo.

Tukapima. Waliopiga walikuwa wachezaji wa shirika. Mikono ikainuka, msaidizi akahesabu, na jioni Dokta Rehema aliniletea matokeo akiwa na furaha niliyokuwa sijaiona kwake. Wazoefu walikuwa wamepata karibu kila mpira. Vijana walikuwa wamekosa karibu kila mpira, na Wambura aliyetegemewa ndiye aliyekosa kuliko wote.

"Afisa, umeona pengo hilo? Sijawahi kusoma pengo kama hilo popote."

"Ndilo linalonisumbua," nikasema.

"Linakusumbua nini? Magesa amebaki na kazi yake na mimi nimepata jibu langu."

Habari haikungoja karatasi. Ilifika Mwigobero kabla yetu, na kesho yake wachuuzi wa dagaa walikuwa wakimpigia Wambura kelele: "We kipofu wa Butiama! Ziwa liko wapi?" Naye alikuwa akiinama na kupita.

Mimi nilikaa na matokeo yale nikiyatazama kama mtu anavyoitazama noti mpya mno. Pande zilikuwa mbili tu, ziwani na barabarani. Mtu asiyejua lolote, akinyanyua mkono wowote, atapata nusu. Ungemfunga kuku nyuma ya turubai lile, ukachukua kila anakogeukia kuwa ndilo jibu lake, angepata nusu au karibu na nusu. Wambura hakumfikia kuku. Na mtu anayekosea kuliko kuku hakosei kwa kutojua. Ili ukose kila mara lazima ujue jibu liko wapi, uende upande wa pili. Yule kijana alikuwa anaiona mipira yote.

Nilimweleza Dokta. Aliuondoa mkono wake juu ya karatasi kana kwamba imekuwa ya moto, akasema, "Twende Butiama."

Tulimkuta Wambura akitengeneza boma la ng'ombe. Alituwekea vigoda, akabaki amesimama.

"Wambura," nikamwambia, "mpira wa kwanza ulikwenda ziwani. Uliinua mkono wa barabarani. Kwa nini?"

"Niliona vibaya, Afisa."

"Na wa pili?"

"Niliona vibaya."

"Na yote? Kijana, mimi nimefundisha watoto wa watu miaka mingi. Mtoto asiyejua hesabu hapati sifuri kwenye maswali ya ndiyo na siyo."

Akalitazama boma. Dokta Rehema akasema kwa upole kwamba hakuna atakayemfanya kitu. Anataka kujua tu.

"Mama Dokta," Wambura akasema hatimaye, "sokoni kwetu huku walisema mnapima nani afukuzwe. Walisema mtoto mmoja akiona sawa na baba Magesa, baba Magesa anatoka kwenye nyumba. Sasa ningeinuaje ule mkono? Nikale kwenye chungu cha baba yangu, yeye mwenyewe amesimama pale ananitazama?"

"Na wenzako?"

"Tulikubaliana kwenye gari, tukija."

Dokta Rehema alikuwa mtu wa mjini, wa nyumba ya biashara. Mambo ya rika alikuwa ameyasikia tu. Alinigeukia kwa hasira. "Na wewe, Afisa? Ni mtu wa huku."

Nilimjibu ukweli. Desturi nilikuwa naijua. Kilichokuwa kigeni kwangu ni kwamba inaweza kuingia ndani ya namba. Tulikuwa tumekagua mpira, tumekagua turubai, tumekagua kulia na kushoto. Kitu ambacho hatukukikagua ni kile ambacho wapimwaji walikuwa wanakijua kuhusu kipimo. Hili ndilo ninalotaka mlishike zaidi ya yote niliyoyaandika hapa: mwanagenzi anapopimwa mbele ya bingwa, huenda mnapima macho yake, huenda mnapima heshima yake, huenda mnapima hofu yake, na kwenye karatasi yote matatu yana sura moja.

Siri ya Butiama ilifika Musoma, sikumbuki kwa kinywa cha nani, na Magesa akaja ofisini kwangu bila kubisha hodi.

"Ni kweli watoto walinionea huruma?"

"Walikuheshimu, Magesa."

"Afisa, mimi nimevunjika vidole hivi vyote sijaonewa huruma na mtu. Leo nilale kwenye nyumba niliyopewa na watoto kwa kujifanya vipofu? Umejuaje kama walidanganya?"

Nikamweleza habari ya kuku. Alisikiliza kwa makini sana, kichwa kimeinama upande, akaniomba nirudie mahali pa nusu. Nikarudia. Nilifurahi kuona mtunza stoo anavyoielewa hoja upesi kuliko wanafunzi wangu wengi, wala sikujiuliza anaihitaji kwa kazi gani.

"Basi pimeni tena," akasema. "Na yule kijana niachieni mimi."

Tulipima tena Bunda, mbali na wachuuzi wa Mwigobero, kwenye uwanja ulio chini ya mlima. Safari hii tulikuwa na adabu zaidi. Wapigaji walikuwa vijana wa Bunda ambao wala Magesa wala Wambura hakuwahi kucheza nao. Kila mtu alitazama peke yake, akajibu bila sauti na bila mkono, kwa kudondosha punje ya mahindi katika kopo moja kati ya mawili: la mlimani au la sokoni. Dokta alikaa mahali ambapo hakuweza kuona nani ametazama. Yeye mwenyewe alilisisitiza hilo, akisema kwamba mtu aliyekwisha kufurahia jibu moja asiachwe kulihesabu jibu la pili.

Kabla hatujaanza, Magesa alimwita Wambura mbele yetu wote.

"Wewe. Unanisikia?"

"Nakusikia, baba."

"Leo utaweka punje pale ulipoona. Ukinidanganya nitakwenda kwa baba yako, nitakaa kwenye kigoda chake, na nitamwambia amezaa mtoto anayemfanya rika lake kuwa masikini wa kuombewa. Unanijua kama nasemaga utani."

"Husemagi, baba."

"Haya. Nenda."

Wambura aliona. Alikosea hapa na pale kama binadamu, lakini aliona, na makopo yalisema hivyo wazi. Baada yake akaingia Magesa. Alisimama nyuma ya turubai muda wake wote ametulia, akidondosha punje zake moja moja bila haraka. Tulipohesabu, alikuwa amepata nusu. Nusu kamili, kama kuku.

Tulibaki mimi na Dokta Rehema tumeyainamia makopo yale, kwenye duka la baba yake, katikati ya majora ya vitambaa.

"Jibu ni hili," alisema. "Hapa Bunda Magesa hawajui wapigaji. Kule Musoma aliwajua wenzake, kila mtu na mazoea yake. Ustadi wake ulikuwa kuwafahamu watu, wala haukuwa macho. Ni jambo zuri sana, Afisa. Ni zuri kuliko lile la kwanza."

"Linawezekana. Au?"

"Au nini?"

"Au Magesa alikaa ofisini kwangu akajifunza kwamba mtu akikosa yote anajulikana, na mtu akikosa nusu hajulikani."

Alifumba macho. Kisha akaniuliza kwa sauti ileile ya siku ya kwanza, "Umeona, au unadhani?"

"Nadhani."

"Una ushahidi?"

"Sina. Na wewe unao wa kwako?"

Aliyatikisa makopo, punje zikalia. "Basi hatujui."

Kuna watu watakaowaambia kwamba kipimo kikirudiwa na majibu yakatofautiana, jaribio la pili ndilo la kweli kwa kuwa lilifanywa kwa uangalifu zaidi. Sisi tulilifanya la pili kwa uangalifu wote tuliokuwa nao, na mtu aliyekuwa na sababu ya kushindwa aliingia humohumo na uangalifu wetu. Kurudia ni lazima. Lakini wanaopimwa wanajifunza kila unaporudia, na wanaweza kujifunza kutoka kinywani mwako mwenyewe. Dokta hakuyachapisha matokeo yale, ya kwanza wala ya pili, ingawa yale ya kwanza yangempatia jina. Yale ya kwanza yaliendelea kuishi kijiweni, na huko ndiko yule kijana wa chuo alikoyakuta.

Tulimpelekea meneja taarifa fupi. Ilisema kwamba jaribio hili halituruhusu kusema nani anaona kuliko nani, na kwamba halifai kutumiwa kumbakiza wala kumwondoa mtu kazini. Aliisoma akiwa amesimama.

"Mmeninukishia dagaa uwanja mzima," alisema, "mniletee *hatujui*?"

"Ndivyo tulivyopata," Dokta Rehema akamjibu.

"Sasa mimi niamueje?"

"Kwa jambo lingine, meneja. Kwa hili haiwezekani."

Hakuhitaji kuamua. Jioni iliyofuata, wakati wa mazoezi, Magesa alikuja uwanjani akiwa amevaa suruali ya kutokea na viatu vya barabarani. Mkononi alishika glovu zake, za mitumba, alizozipata Mwigobero baada ya kudaka kwa mikono mitupu karibu maisha yake yote. Meneja alikuwepo. Wambura alikuwepo pia, kwa kuwa Magesa alikuwa amemwitisha kutoka Butiama bila kumwambia sababu.

"Vaa," akamwambia.

Wambura alirudi nyuma hatua. "Baba, siwezi."

"Sikukuuliza kama unaweza. Nimesema vaa."

Hakuna aliyecheka. Hata wale wachezaji wa kuja, wasiojua mila zetu, walielewa kwamba kijana hana njia. Desturi ileile iliyomzuia kuinua mkono mbele ya mtu huyu sasa ilikuwa inamzuia kukataa. Akapokea kwa mikono miwili, akavaa, akaenda golini. Magesa akamgeukia meneja, akampa funguo za stoo, akasema nyumba itakuwa wazi mwisho wa mwezi. Kisha akaondoka kwa kupitia nyuma ya goli, bila kutazama mpira wa kwanza umepigwa wapi.

Muda mrefu baadaye, shirika lenyewe likiwa limeshauzwa na uwanja ule umeota majani, kazi ilinipeleka Butiama, nikapita shambani kwake. Alikuwa anapalilia mihogo. Alinyoosha mgongo, tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto. Wambura wakati huo alikuwa akilindia timu kubwa mbali na hapa, na kila likizo alifikia kwanza kwa Magesa kabla ya kwa baba yake.

Sikuweza kuondoka bila kuuliza.

"Magesa, siku ile Bunda. Ulikuwa unabahatisha kweli?"

Alicheka hadi akaegemea mpini wa jembe.

"Afisa! Si wewe uliyetufundisha habari za kuku?"

"Jibu swali."

"Nikikujibu utaandika *Magesa amesema*. Na wewe maneno ya mtu hukubaligi."

Akainama, akaendelea kupalilia. Nikashuka kuelekea barabarani nikiwa na jibu lilelile nililokuja nalo.